Beki aliyeshonwa nyuzi zaidi ya 200 usoni

SEHEMU YA 1

Wale wa siku nyingi hapa mnajua utaratibu wangu: nikimaliza zamu za usiku nikapata siku mbili za kupumzika, nalala, nafua, halafu nashusha historia kwa vipande. Chai pembeni, simu iwe na chaji, maana leo ni ndefu.

Nawapeleka kwenye mchezo ambao najua wengi wenu hamjawahi kuutazama hata dakika tano: hoki ya barafuni. Mimi mwenyewe barafu ninayoijua ni ya kwenye friji, na ile ninayomkandia mtu aliyeteguka kifundo. Kwa hiyo msiniulize sana habari za timu. Habari za mwili wa binadamu ndizo niulizeni.

Ilianza hivi. Novemba 2022, dada mmoja tuliyesoma naye uuguzi, ambaye siku hizi anafanya kazi Kanada, alinitumia video fupi. Hakuandika maelezo. Aliandika tu: "Angalia mkono."

Nikafungua. Uwanja umejaa watu hadi juu, wote wamesimama wanapiga makofi. Kwenye zulia lililotandikwa juu ya barafu amesimama mzee mrefu, nywele nyeupe, kovu limemkata uso. Midomo inatetemeka, anataka kusema na haitoki hata silabi. Pembeni yake mzee mwingine analia waziwazi kama mtoto. Yule anayelia akamshika mwenzake mkono, akausaidia kwenda juu ili awapungie watu.

Niliitazama mara tatu. Ya tatu nikaizima katikati kwa sababu ilinirudisha kwa mgonjwa wangu mmoja wa zamani, na kwa jambo nililolifanya ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nitalifikia. Kwanza mjue huyo mzee ni nani.

SEHEMU YA 2

Anaitwa Börje Salming. Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1951, kaskazini kabisa ya Uswidi, karibu na mji wa Kiruna. Huko ni juu ya ile mistari ya ramani ambako katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Mji wenyewe umejengwa kwa ajili ya mgodi wa chuma. Upande wa baba yake walikuwa Wasami, wale wenyeji wa kaskazini wanaofuga kulungu wa nchi za baridi.

Baba alikuwa anafanya kazi mgodini. Börje akiwa na miaka 5, mgodi ukamchukua baba yake kwa ajali. Mama akabaki na watoto. Kaka mkubwa, Stig, akawa ndiye wa kumfuata nyuma, na Stig alikuwa anacheza hoki. Basi dogo naye akaingia barafuni.

Ngoja niwaeleze mchezo wenyewe haraka, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nesi anahangaika nao.

Uwanja ni barafu tupu, urefu kama mita 61, umezungushiwa ukuta wa mbao na vioo. Kila upande wachezaji sita akiwemo kipa. Wanavaa viatu vyenye bapa la chuma chini, linalonolewa kama kisu cha buchani. Hakuna mpira, kuna kisahani cha raba ngumu chenye uzito wa karibu gramu 170, na kabla ya mechi wanakigandisha kwanza kisidundedunde. Mtu akikichapa kwa gongo kinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Sasa fikiria kazi ya beki. Kazi yake ni kulala mbele ya hicho kitu.

Ndiyo, kulala. Adui anapiga, beki anajirusha chini kama kipa wetu wa chandimu, kifua mbele, kizuie kwa mwili. Salming alisifika kwa hilo kuliko karibu beki yeyote wa zama zake. Na ukitazama picha zake za miaka ya 70 nyingi hana hata kofia ngumu, nywele zinapepea tu. Enzi hizo kofia haikuwa lazima. Ligi kuu ya kule, NHL, ilianza kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa mwaka 1979.

Kitu kingine: ngumi. Kwenye mpira wetu ukimpiga mtu ngumi ni kadi nyekundu, unaenda kuoga. Kule watu wawili wanavua glavu, wanachapana mbele ya refa, refa anasubiri mmoja aanguke, kisha wote wanakaa nje dakika tano na kurudi. Miaka ya 70 zilikuwepo timu zilizoajiri watu kwa kazi hiyo. Hilo lishikeni.

Börje akakua, akahamia timu ya Brynäs ya mji wa Gävle, akachukua nayo ubingwa wa Uswidi mwaka 1971 na 1972. Fundi, mwembamba, mbio, pasi za mbali. Lakini kwa Wakanada wa wakati ule mchezaji wa Ulaya alikuwa mtu wa maonyesho tu. Waswidi wawili walikuwa wamewahi kujaribu NHL kabla yake: Ulf Sterner alicheza mechi nne tu New York mwaka 1965, na Thommie Bergman alianza Detroit mwaka 1972. Wote waliobaki, isipokuwa wachache wa kuhesabu vidoleni, walikuwa Wakanada.

SEHEMU YA 3

Namna alivyopatikana ni kichekesho. Skauti wa Toronto Maple Leafs, Gerry McNamara, alisafiri kwenda Uswidi kumwangalia kipa. Kipa mwenyewe akawa ameumia. Kwa kuwa keshafika, McNamara akaenda kutazama Brynäs wakicheza na timu ya Kanada iliyokuwa ziarani, Barrie Flyers. Akaona watu wawili: mshambuliaji Inge Hammarström, na beki mmoja mwembamba anayerudishia kila anachofanyiwa. Kabla mechi haijaisha beki huyo akatolewa nje kwa kumvaa refa. Skauti akashuka mbio hadi vyumba vya kubadilishia nguo, akamkabidhi kadi yake na kumuuliza kama anataka kucheza Toronto. Kiingereza cha Börje kilikuwa cha kuokoteza. Akasema ndiyo.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kuitwa mwoga alisajiliwa siku aliyofukuzwa uwanjani kwa ukorofi. Sijui kama mnaicheka kama mimi.

Wakaanza msimu wa 1973, yeye na Hammarström. Mechi ya pili ikawa Philadelphia. Hii Philadelphia ndiyo timu ya ngumi niliyowaambia, na usidhani ilikuwa ya ovyo, ilichukua ubingwa 1974 na 1975. Pale Waswidi walipokelewa kwa magongo mbavuni na kwa matusi. Jina waliloitwa, ukiliweka kwa Kiswahili, ni "Mswidi kuku". Kila mji waliokwenda walilikuta linawasubiri. Lengo lilikuwa moja: wapande ndege warudi kwao, na Mzungu wa Ulaya mwingine asidhubutu kuja.

Na nyumbani nako hakukuwa salama. Mwenye timu, Harold Ballard, mdomo wake haukuwa na breki. Alitangaza kwamba Hammarström anaweza kuingia kwenye kona ya uwanja na mayai nusu dazeni mfukoni akatoka halijavunjika hata moja. Bosi wako huyo, anayekulipa mshahara! Hammarström hakudumu sana, akauzwa St. Louis.

Salming alibaki. Hakugeuka kuwa mpiga ngumi, ila alipigwa na kesho yake akawa wa kwanza kulala mbele ya kisahani. Mwaka 1976 kwenye mechi za mtoano, Philadelphia tena, Mel Bridgman alimshukia kwa ngumi kiasi kwamba serikali ya jimbo la Ontario iliingilia kati. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Roy McMurtry, aliwafungulia mashtaka wachezaji wa Philadelphia kwa yaliyotokea kwenye mechi zile, na Bridgman alishtakiwa kwa kumshambulia Salming. Kesi hazikufika mbali. Lakini mechi iliyofuata, Salming alipokea pasi ya Darryl Sittler, akachomoka peke yake katikati ya mabeki, akamtoka kipa Bernie Parent. Watu wa Toronto walisimama wakapiga makofi mpaka ikawa kama mechi imesimama.

Hilo jina Sittler pia mlishike. Ndiye yule mzee anayelia kwenye video.

Septemba mwaka huohuo 1976 yakafanyika mashindano ya mataifa, Kombe la Kanada. Uswidi ikaja kucheza na Kanada palepale Toronto. Watangazaji wakaanza kuwataja wachezaji wa Uswidi mmojammoja. Ilipofika jina la Salming, uwanja mzima wa Wakanada ulisimama. Wanamshangilia adui, kabla ya kucheza dhidi ya timu yao ya taifa! Yeye amesimama na jezi ya manjano ya kwao, hajui aangalie wapi. Mimi si mtu wa michezo lakini hapo hata mwili ulinisisimka.

SEHEMU YA 4

Sasa niingie kwenye fani yangu.

Mwaka 1978, robo fainali dhidi ya New York Islanders, gongo la mtu lilimwingia jichoni. Akatolewa, hakurudi kwenye mechi zilizobaki za mzunguko ule. Toronto walishinda mechi ya saba bila yeye. Jicho likapona akaendelea na kazi, na jicho kupona namna hiyo ni bahati kubwa. Nimeona jicho lililopigwa na kitu butu likajaa damu kwa ndani, unamlaza mtu kichwa juu na unaomba Mungu.

Halafu tarehe 26 Novemba 1986, dhidi ya Detroit. Purukushani mbele ya goli, Salming akaanguka. Gerard Gallant wa Detroit akapoteza mwelekeo na kiatu chake, lile bapa nililosema linanolewa kama kisu, kikapita usoni kwa Salming, kuanzia juu ya jicho, pembeni ya pua, mpaka kwenye mdomo. Ilikuwa ajali kabisa, wala hakuna aliyemlaumu Gallant.

Nyuzi zaidi ya 200.

Ambaye hajawahi kusimama pembeni ya anayeshona uso anadhani nyuzi 200 ni kama kushona pindo la pazia. Uso haushonwi hivyo. Unashonwa kwa tabaka: msuli kwanza, kisha nyama ya chini ya ngozi, kisha ngozi yenyewe kwa uzi mwembamba kama unywele. Ukingo wa mdomo usipokutana sawasawa, hata kwa milimita moja, atatembea na mdomo uliopinda maisha yake yote. Kuna neva ya uso inayosambaa shavuni kama mizizi, ukiikata jicho halifumbi na tabasamu linakwenda upande. Kuna mrija wa mate. Kuna kifereji cha machozi kwenye kona ya jicho. Bapa lile lilipita kwenye ujirani wa vitu vyote hivyo na jicho likabaki linaona. Aliyemshona alikaa kitako kwa saa kadhaa, na kazi yake mtaiona kwenye kila picha iliyofuata: kovu lipo, uso upo.

Akarudi uwanjani.

Nisimfanye malaika lakini. Mwaka huohuo wa 1986 alisema gazetini kwamba zamani kidogo aliwahi kuonja kokeini, na ligi ikamsimamisha mechi nane. Wapo waliosema angenyamaza tu. Alisema mwenyewe, akaadhibiwa, akatumikia.

Timu yenyewe ilikuwa imeharibika. Ballard aliivuruga kwa uuzaji wa hasira na kubadilisha makocha, Sittler akaondoka, na katika misimu 16 ya Salming hawakulishika kombe hata mara moja. Mtu alilala mbele ya visahani kwa mechi 1,099 akiwa na jezi ya Toronto na hakupata kombe. Alichopata ni pasi za mabao 620, ambazo hakuna mchezaji mwingine wa klabu ile aliyezifikia. Mwaka 1989 akahamia Detroit kwa msimu mmoja, akafunga hesabu ya NHL kwa mechi 1,148, kisha akarudi Uswidi kuchezea AIK ya Stockholm. Mwaka 1992, ana miaka 40, alivaa jezi ya taifa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Ufaransa. Mwaka 1996 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki, Mswidi wa kwanza. Toronto wakamjengea sanamu nje ya uwanja wao, na mwaka 2016 wakaistaafisha namba yake, 21.

Wanahistoria wengi wa hoki wakifika hapo wanafunga kitabu. Mimi napo ndipo ninapofungulia changu.

SEHEMU YA 5

Mwanzoni mwa 2022 mwili wa Salming ulianza kumwambia mambo. Tarehe 10 Agosti klabu ya Toronto ikatangaza kwa niaba yake: ana ALS.

Hii ni aina ya ugonjwa wa neva za mwendo. Kwenye ubongo na uti wa mgongo kuna seli zinazopeleka amri kwa misuli: inua kijiko, meza, tamka, vuta pumzi. Kwenye ALS seli hizo zinakufa mojamoja. Amri haifiki, msuli unasinyaa. Kwa wengine huanzia mkononi, kikombe kinadondoka, kitasa hakizunguki. Kwa wengine huanzia mguuni. Na kwa wengine huanzia kinywani: maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, maji yanapita njia ya hewa, mate yanatiririka. Salming sauti yake iliondoka mapema. Kufikia vuli ya mwaka ule alikuwa hasemi.

Dawa ya kuponya haipo. Riluzole, iliyoanza kutumika miaka ya 90, inapunguza kasi kidogo, huongeza miezi. Wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili zianze, ingawa wapo kama Stephen Hawking aliyekaa nao zaidi ya miaka 50. Kuhusu vichwa vinavyogongwagongwa: utafiti uliotoka 2021 kwa wachezaji wa ligi kuu ya mpira wa Kimarekani ulikuta wanaugua ALS karibu mara nne ya wanaume wengine wa umri wao. Hiyo si hukumu ya mtu mmoja, na hakuna daktari anayeweza kumshika Salming mkono akasema ni pigo lile la mwaka fulani. Naliweka tu hapa kwa wenye watoto wanaocheza, mtoto akigonga kichwa akaona nyota, atoke uwanjani siku hiyo, basi.

Sasa nisomeni kwa makini. ALS inachukua misuli. Kusikia inakiacha. Kuona inakiacha. Kuguswa, mgonjwa anahisi. Na wengi wao akili iko palepale, baadhi tu ndio huguswa kufikiri. Yaani mtu yumo ndani, mzima, anasikia kila neno.

Hili nilifundishwa chuoni na nikajibu mtihani vizuri. Halafu nikaajiriwa.

Nilikuwa nesi mpya, mwaka wangu wa kwanza. Akaletwa mzee mmoja, fundi seremala, amekonda, mate yanatoka, anapaliwa hata na uji. Familia ilikuwa imezunguka naye. Kwanza waliambiwa ni kiharusi. Kiharusi lakini hupiga ghafla, saa inajulikana, huyu alikuwa amekwenda taratibu miezi mingi, na ulimi wake ukiutazama ulikuwa unachezacheza wenyewe kama una wadudu chini ya ngozi. Baadaye wakasema amerogwa. Wakamweka chumba cha uani. Wageni wakija wanaambiwa mzee amesafiri. Binti yake alinisimulia bila haya wala ubaya, kwao ilikuwa ni kumsitiri baba asionekane akitokwa mate. Nami siwezi kumhukumu, kwetu pia tungefanya hivyo.

Daktari bingwa alikwisha mwona na jina la ugonjwa likawa limeandikwa kwenye faili. Asubuhi ile nabadilisha shuka, mzee nimemgeuza ubavu, binti yuko upande wa pili wa kitanda. Akaniuliza, "Nesi, kwa hiyo baba atapona?" Nami, juu ya kichwa cha yule mzee, kama vile nazungumza juu ya meza, nikamjibu: "Dada yangu, hapa ndiyo basi tena. Ugonjwa huu hauna kurudi, mjiandae tu."

Mzee akagonga chuma cha kitanda. Vidole vyake vilikuwa bado na nguvu kidogo. Akaonyesha kalamu mfukoni mwangu. Nikampa, na nyuma ya karatasi ya vipimo aliandika kwa herufi kubwa, pole pole, penseli ya seremala imezoea mkono ule:

NASIKIA.

Nilitoka nikaenda stoo ya dawa nikasimama huko. Nilipopata nguvu nikarudi, nikavuta stuli, nikakaa usawa wa macho yake, nikamwomba radhi. Binti naye akaomba. Kuanzia siku hiyo kila kitu tulimwambia yeye kwanza. Tulimtengenezea ubao wa herufi, na mkono ulipokwisha akawa anajibu kwa macho: juu ni ndiyo, kufumba ni hapana. Alikuwa na maswali mengi, na mengi hayakuwa ya ugonjwa, yalikuwa ya watu wanaomdai na anaowadai, na ya meza ambayo hakuimalizia. Aliomba atolewe chumba cha uani. Walimrudisha sebuleni, na mafundi wenzake wakaanza kuja.

SEHEMU YA 6

Rudini nami Toronto.

Novemba 2022 ilikuwa wiki ya Jumba la Heshima. Safari hii miongoni mwa waliokuwa wanaingizwa walikuwemo Waswidi watatu kwa mpigo, Daniel Alfredsson na mapacha Daniel na Henrik Sedin. Hao ni watoto wa njia aliyoifungua Mswidi kuku. Salming alitaka kuwepo. Mgonjwa asiyesema, anayemeza kwa shida, anapandishwa ndege kuvuka bahari. Nikiwa nesi najua maandalizi yake: mate yatafyonzwaje angani, atakula nini, akipaliwa juu ya bahari inakuwaje. Mkewe na familia walikuwa naye.

Ijumaa tarehe 11 wakamtoa mbele ya watu. Upande mmoja Sittler, upande wa pili Mats Sundin, Mswidi mwenzake aliyekuja kuwa nahodha wa Toronto. Hapo ndipo ile video. Hawakumkalisha kwenye kiti pembeni gizani, na kamera haikukwepa uso wake unaotetemeka. Waliokuwepo wengi walikuwa hawajazaliwa alipokuwa anacheza. Walisimama wote, na makofi hayakuisha. Mkono wake ulipogoma, Sittler, machozi yanatiririka, akauinua.

Kesho yake, Jumamosi, dhidi ya Vancouver, akatolewa tena kwa ajili ya kuanzisha mchezo kwa heshima. Kocha akapanga kikosi cha kuanza: wachezaji sita, kuanzia kipa, wote Waswidi. Kwenye klabu ambayo mwenye timu aliwatania Waswidi habari za mayai mfukoni.

Nimeitazama ile ya Ijumaa mara nyingi tangu 2022. Jicho langu siku hizi haliendi kwa Sittler wala kwa mkono. Linakwenda kwenye macho ya Salming. Yanatembea. Yanapanda majukwaa ngazi kwa ngazi, yanazunguka upande mwingine, yanarudi. Anawasoma watu. Anasikia kila kitu.

Alirudi Uswidi. Tarehe 24 Novemba 2022, siku 13 baada ya usiku ule, akafariki. Alikuwa na miaka 71.

Kesho naingia zamu ya asubuhi, kwa hiyo nitachelewa kujibu. Mwenye mgonjwa nyumbani anayepaliwa, iwe kwa ugonjwa huu au kiharusi, aandike hapa chini nitaeleza namna ya kumkalisha: mgongo wima, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, kijiko nusu, uji mzito kuliko maji, na asilazwe mpaka ipite nusu saa. Na ukimlisha, muulize yeye kama ameshiba.